Kukaidi, Kuasi na Kukatalia: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza Mbele ya Kijerumani na Kiswahili

Utangulizi

Ekalakala ni kata katika nchi kavu ya Masinga, kaskazini mwa Machakos, upande unaoelekea mto Tana. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha mahali kama hapo hukabiliwa na tatizo ambalo mwenziwe wa Mombasa au Unguja hana haja ya kulifikiri. Atakapowaeleza wanafunzi wake kwamba kulea ni kumtunza mtoto mpaka akue, yamkini darasa litacheka, kwa sababu katika Kikamba, lugha wanayoisema nyumbani, kũlea ni kukataa. Maneno hayo mawili yamekutana kwa sauti tu, wala si ya ukoo mmoja. Kikuyu, lugha jirani, kimeyahifadhi yakiwa mbalimbali: kũrega ni kukataa, na kũrera ni kulea mtoto. Kikamba kimeibadili r ya kũrega kuwa l na kuidondosha g yake, na hivyo likazaliwa neno ambalo msikilizaji wa pwani hulisikia kama neno la upole kabisa, hali mwenye lugha analitumia kusema kwamba hakubali.

Mfano huo mdogo unafungua mlango wa suala kubwa zaidi. Kila lugha ina njia yake ya kumtaja mtu anayesimama mbele ya mwenye nguvu akasema hapana. Lakini lugha hazikubaliani juu ya mahali pa kumtazamia mtu huyo: kuna zinazomtazama kutoka kwenye kiti cha anayeamuru, na kuna zinazomtazama kutoka mahali alipo mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuchunguza kitenzi kimoja cha Kiingereza, yaani "defy", kukilinganisha na vitenzi ambavyo Kijerumani hukitafsiria, na kisha kuuliza ni neno lipi la Kiswahili linalostahili kuchukua nafasi yake. Kipimo kitakachotumika ni tukio la kihistoria lililotokea katika wilaya hiyo hiyo ya Machakos mwaka 1938.

Huenda pakaulizwa Kijerumani kimeingiaje katika mazungumzo haya. Jibu ni kwamba Wajerumani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuviweka Kiswahili na Kikamba kando ya lugha za Ulaya katika vitabu. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg aliyekuwa akiitumikia jumuiya ya wamisionari wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1850 msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwamo, na mwaka huo huo ikatoka tafsiri yake ya Injili ya Marko katika Kikamba. Alisafiri hadi Ukambani mwaka 1849, na mara ya pili mwaka 1851 akiwa na nia ya kuanzisha kituo huko Yatta. Safari hiyo ya pili ilivurugika pale Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Kitui aliyekuwa mwenyeji wake, alipouawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Jamaa za Kivoi walimlaumu Krapf kwa kifo hicho, naye ikambidi atoroke usiku. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, baada ya yeye kufariki, na fasiri zake ni za Kiingereza. Basi Mjerumani alikuwa ameyaeleza maneno ya Waswahili kwa lugha ya tatu. Mwaka 1890 C. G. Büttner alitoa kamusi ya Kiswahili na Kijerumani, akijenga juu ya maandishi yaliyokuwapo kabla yake. Hivyo tangu mwanzo lugha hizi tatu zimekuwa zikipitiana.

Asili ya neno la Kiingereza

Kitenzi "defy" kiliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kilikirithi kutoka Kilatini. Ndani yake mna neno fides, yaani imani au uaminifu, likiwa limetanguliwa na kiambishi cha kutengua. Katika Ulaya ya Enzi za Kati mtu aliyefungwa kwa kiapo cha utii kwa bwana wake hakuruhusiwa kumshambulia kwa ghafla. Ilimpasa kwanza atangaze kwamba kiapo kimekwisha na kwamba kuanzia siku ile wao si wenye kuaminiana tena. Akifanya hivyo alihesabiwa kuwa adui. Asipofanya, alihesabiwa kuwa haini. Kijerumani cha wakati ule nacho kilikuwa na barua maalumu ya kutangaza uhasama, na aliyeupuuza utaratibu huo alipoteza heshima yake.

Kwa hiyo katika asili yake neno hili lilikuwa na sehemu tatu: kwanza, kuwako kwa mwenye mamlaka, pili, kukatwa kwa kifungo cha utii, tatu, uwazi wa tendo lenyewe. Karne zilivyopita, sehemu ya pili ilififia. Mwingereza wa leo anayesema kwamba fulani "defied" amri ya serikali hana haja ya kufikiri juu ya kiapo chochote. Kilichobaki ni mamlaka na uwazi. Mtu anayekwepa kodi kwa kujificha havikwi neno hili. Anayekuja ofisini mchana na kusema kwamba halipi, ndiye anayestahili kuvikwa.

Aidha, neno limepanuka likawahusu hata wasio watu. Kiingereza husema kwamba jambo fulani lina-"defy" maelezo, au kwamba jengo lina-"defy" upepo. Hapa Kiswahili hakihitaji kitenzi cha ukaidi hata kidogo. Kinatumia sarufi yake mwenyewe: jambo halielezeki, halisemeki, halina mfano. Kijerumani katika mahali hapo hutumia kitenzi cha kudhihaki, kikisema kwamba jambo linayadhihaki maelezo yote. Na Mwingereza anapomwambia mwenziwe kwamba ana-"defy" yeye athibitishe neno lake, Mswahili hujibu kwa neno moja tu: "Thubutu!" Mifano hii inaonyesha kwamba anayetafuta neno moja la Kiswahili la kuziba kila pengo la neno moja la Kiingereza anajitafutia taabu bure. Linalowezekana ni kutafuta neno linalofaa kwa kila mahali, na mahali pazito kuliko pote ni pale ambapo watu wanasimama mbele ya dola.

Vitenzi vya Kijerumani

Mjerumani anapokitafsiri kitenzi hiki kwa maana ya kusimama mbele ya dola, huwa na vitenzi viwili vikuu vya kuchagua. Cha kwanza ni trotzen. Cha pili ni sich widersetzen, ambacho kikifumuliwa ni kujiweka dhidi ya kitu. Mbali na hivyo kuna usemi wa kumpa mtu paji la uso, yaani kumkabili bila ya kuinamisha kichwa. Vyote vitatu vina jambo moja la kisarufi linalolingana: yule anayekabiliwa hawekwi katika hali ya yambwa ya kawaida, bali katika hali ile ambayo Kijerumani humwekea mtu anayepewa au kuelekezewa jambo. Ni kana kwamba ukaidi wenyewe ni kitu anachokabidhiwa mkononi. Jambo hili litarejewa baadaye, kwa sababu Kiswahili nacho kina mnyambuliko unaofanya kazi inayofanana na hiyo.

Kitenzi trotzen kina sura mbili. Katika sura ya kwanza ni neno la ushujaa: baharia anaikabili dhoruba, mji uliozingirwa unalikabili jeshi. Katika sura ya pili ni neno la malezi. Wajerumani huuita umri wa mtoto wa miaka miwili au mitatu, anapojibwaga chini akilia na kukataa kila kitu, kuwa umri wa Trotz. Riwaya ya Emmy von Rhoden iliyotoka mwaka 1885 na kusomwa sana na wasichana wa Ujerumani inaitwa Der Trotzkopf, yaani kichwa kigumu, nayo inasimulia jinsi msichana mkaidi anavyotengenezwa tabia katika shule ya bweni. Neno ni lile lile; kinachoamua kama ni sifa au ni lawama ni cheo cha anayetajwa.

Mwaka huo huo wa 1885 serikali ya Ujerumani iliipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya sehemu za bara ambazo sasa ni Tanzania. Yafaa basi kuangalia ni neno lipi lililotumika kwa Waafrika waliokataa. Mwezi wa Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alijaribu kuitwaa Pangani na kupandisha bendera ya kampuni, na pwani ikawaka. Vita vilivyofuata vikiongozwa na Bushiri bin Salim viliandikwa na Wajerumani kuwa Aufstand ya Waarabu, na vile vya mwaka 1905 hadi 1907 vikaitwa Aufstand ya Maji Maji. Aufstand limetokana na kitenzi cha kuinuka na kusimama. Kwa asili yake halina lawama. Lakini katika maandishi ya watawala lilikwenda sambamba na maneno ya uhalifu, na lilipofasiriwa kwa Kiswahili likawa uasi.

Hapo ndipo palipo na kosa. Kuasi ni kuvunja utii uliokuwapo. Bushiri hakuwahi kuwa na utii kwa kampuni ya Wajerumani, na bendera aliyoikataa ilikuwa ngeni kwake. Wahehe chini ya Mkwawa, ambao mwaka 1891 huko Lugalo walikiangamiza kikosi cha yule yule Zelewski, walikuwa wakiilinda nchi yao dhidi ya msafara ulioingia na silaha. Kuwaita watu hao waasi ni kukubali, bila ya kusema, kwamba utawala uliwaelea wageni tangu kabla haujapatikana.

Wala haifai kudhani kwamba Waswahili wenyewe hawakushiriki katika kuzilinganisha lugha hizi. Chuo cha Lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887 kiliwaajiri wasomi kutoka pwani kufundisha Kiswahili. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake ndiyo msingi mkubwa wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alidai apewe na wanafunzi wake wa Kijerumani heshima inayompasa mwalimu, akaiacha kazi hiyo. Mwaka 1905 aliposafiri na mkewe Mjerumani kurejea kwao, wakuu wa koloni wakawazuia kushuka pamoja Dar es Salaam, na ikawabidi warudi Ulaya. Mwalimu aliyewafundisha maofisa maneno ya Kiswahili alikuwa akijua kwa mwili wake uzito wa kusema hapana.

Akiba ya Kiswahili

Kiswahili si maskini wa maneno ya jambo hili. Umaskini, kama upo, uko katika upande ambao maneno mengi yanautazamia.

Kuasi ni neno la asili ya Kiarabu, nalo halikuja peke yake. Limekuja na maasi na maasia, yaani dhambi. Mja humwasi Mola wake, na mtoto humwasi mzazi wake. Kulitumia kwa raia na serikali ni kuipa serikali cheo ambacho lugha imewawekea Mungu na wazazi.

Kuhalifu nako kumetoka Kiarabu, kwa maana ya kwenda kinyume. Katika Kiswahili neno limehamia mahakamani: mhalifu ni mtu wa kushtakiwa, na uhalifu ni kazi ya polisi.

Kukaidi ndilo neno ambalo wafasiri wengi wa leo hulikimbilia, na ni kweli kwamba linakaribia. Linachukua uwazi, kwa maana mkaidi hajifichi. Lakini linabeba hukumu. Methali isemayo kwamba mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi haimsifu mtu, na ile ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu inamwekea adhabu kabla hajafika. Kukaidi ni Trotz ya mtoto. Kunakosa Trotz ya baharia.

Kupinga ni neno la Kibantu lenye picha nzuri, picha ya kitu kilichowekwa kikingamo kuzuia njia. Jamaa zake ni kipingo cha mlango na pingamizi. Kwa umbo lake kupinga kunakaribiana sana na sich widersetzen. Hata hivyo mtu anaweza kupinga hoja katika mkutano, akashindwa kwa kura, kisha akatii. Kupinga kunaweza kuishia mdomoni.

Kugoma ni kusimamisha kazi, na historia ya Kenya inalihitaji sana neno hilo, kwa mfano katika mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mombasa wa Januari 1947. Lakini anayegoma ana kazi ya mtu mwingine mikononi mwake. Mtu anayekataa kutoa mali yake mwenyewe hajagoma.

Mwisho kuna kukataa, neno la kila siku ambalo wafasiri hulidharau kwa wepesi wake. Makala haya yatalirejea baada ya kulieleza tukio la Machakos.

Machakos, 1938

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya iliingiwa na hofu juu ya mmomonyoko wa udongo katika hifadhi ya Wakamba ya Machakos. Wataalamu wake waliandika kwamba mifugo ni mingi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Wakamba hawakukana kwamba ardhi imechoka, lakini walikuwa na maelezo mengine: malisho yao yalikuwa yamepunguzwa. Vilima vya Mua vilikuwa vimegawiwa walowezi, na uwanda wa Yatta ulihesabiwa kuwa ardhi ya Serikali ya Kiingereza. Mifugo ilionekana kuwa mingi kwa sababu ardhi ilikuwa imefanywa ndogo.

Serikali ikaamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Wanyama waliohesabiwa kuwa wamezidi walichukuliwa na kuuzwa mnadani kwa bei ya chini. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Liebig, ambayo jina lake latokana na mwanakemia wa Kijerumani Justus von Liebig, ilijenga kiwanda cha nyama huko Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei nafuu. Haikuwa vigumu kwa Wakamba kuyaunganisha mambo hayo mawili. Ng'ombe kwao hakuwa nyama tu. Alikuwa mahari ya kijana, akiba ya mwaka wa ukame, na maziwa ya mtoto.

Kikaundwa Chama cha Wakamba kilichojulikana kwa jina la Kiingereza Ukamba Members Association, na msemaji wake mkuu akawa Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani. Mwezi wa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, waliondoka Machakos wakaenda Nairobi kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor. Jina la mahali hapo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambamo Waafrika kwa maelfu mengi, Wakamba wakiwamo, walibeba mizigo ya jeshi la Kiingereza lililokuwa likipigana na Wajerumani katika nchi ambayo sasa ni Tanzania Bara. Watu walioketi pale mwaka 1938 walikuwa wa kizazi kilichoitumikia serikali hiyo kwa migongo yao.

Gavana hakukubali kuonana nao mjini. Aliwataka warudi kwao, ambako angewasikiliza. Wao wakabaki. Walikaa majuma kadhaa, bila ya silaha, wakisema kwamba hawataondoka mpaka wamemwona. Barua za malalamiko zilipelekwa hata London. Jambo hili liliitia serikali wasiwasi mkubwa, kwa kuwa Wakamba walikuwa tegemeo lake katika polisi na jeshi. Hatimaye Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla ya mwaka 1938 kwisha serikali iliacha uuzaji wa lazima. Leo mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi unaitwa kwa jina lake.

Neno linalofaa

Sasa maneno yaliyoorodheshwa yajaribiwe moja moja juu ya tukio hili. Je, waliasi? Mwasi hatafuti kuonana na mkuu, hutafuta kumwondoa. Watu hawa walitembea hadi mlangoni kwa Gavana wakiomba awasikilize. Hata maana ya kale ya neno la Kiingereza, ile ya kukata kifungo cha uaminifu, haiwafai, kwa kuwa waliendelea kumwita Gavana kwa cheo chake na kutaraji haki kutoka kwake. Je, walihalifu? Kuketi na kungoja si kazi ya mhalifu. Je, waligoma? Kilichogombewa kilikuwa mali yao, si kazi ya tajiri. Je, walikaidi? Kwa jicho la afisa wa wilaya, naam. Mwanahistoria anayeandika kwamba Wakamba walikaidi amri amesema kweli, lakini ameisema akiwa ameketi katika kiti cha afisa yule.

Hapa ndipo neno jepesi la kukataa linapoonyesha nguvu zake, pindi likitiwa katika kauli ya kutendea. Kataa huwa katalia, na ile l ambayo haisikiki katika umbo la kwanza hujitokeza, kama inavyojitokeza katika kaa na kalia, zaa na zalia. Katalia ina maana mbili ambazo tukio la 1938 linazihitaji zote.

Maana ya kwanza ni kumnyima mtu anachokitaka: walimkatalia Gavana ng'ombe wao. Kwa mnyambuliko huu anayekabiliwa anaingizwa ndani ya kitenzi, kwa namna inayofanana na ile ya Kijerumani iliyotajwa hapo juu. Maana ya pili ni kung'ang'ania mahali na kutobanduka. Mgeni asiyetaka kuondoka husemwa kwamba amekatalia pale pale. Basi watu wa Machakos walikatalia Kariokor. Kwa kitenzi hicho kimoja Kiswahili kinasema waliyoyanena na walichokifanya.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba kukatalia ni neno la nyumbani mno. Baba humkatalia mtoto ruhusa ya kwenda ngomani, na mwenye duka humkatalia mteja mkopo. Kwa kawaida neno hushuka kutoka kwa mwenye kitu hadi kwa mwenye kuomba. Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kulichagua. Kukaidi humweka mkataaji chini na mwamuru juu. Kukatalia humweka juu yule aliye na kitu. Tunaposema kwamba Wakamba walimkatalia Gavana, tunakiri kwamba ng'ombe walikuwa wao, na kwamba Gavana, pamoja na askari wake wote, alikuwa mwombaji aliyejifanya mwenye mali. Dola yenyewe, kwa kuuacha uuzaji wa lazima, ilikiri jambo hilo japo haikulitamka.

Hitimisho

Historia ya baadaye ya Machakos inatoa onyo la mwisho kwa mfasiri. Mwaka 1932 wilaya hiyo ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Kwa hesabu za wataalamu wa miaka ya 1930, ardhi ilipaswa kuwa jangwa. Badala yake uchunguzi wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua. Wakulima walijenga matuta kwa hiari yao, hasa yale ya aina ya fanya juu, jina la Kiswahili ambalo limeingia hata katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza. Mwingereza atasema kwamba Machakos ili-"defy" utabiri. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika kwamba Machakos iliukaidi utabiri, kana kwamba kufanikiwa ni utovu wa adabu. Kiswahili chatosha kusema kwamba utabiri haukutimia.

Kutokana na hayo yote yafuata kwamba mfasiri wa kitenzi hiki hana budi kujiuliza maswali mawili kabla ya kuifungua kamusi. Nani alikuwa na haki ya kitu kilichogombewa? Na je, mkataaji alijificha au alijitokeza? Akijibu hayo, atajua lini kuasi ni kuasi kweli, lini kukaidi ni tabia ya mtoto tu, na lini watu wazima wamemkatalia mwenye nguvu. Wanaotunga kamusi nao watende hivyo, kwa sababu fasiri wanayoiandika leo ndiyo watakayoisoma watoto wa Ekalakala wakitaka kujua babu zao walifanya nini. Muindi Mbingu alipelekwa Lamu, kitovu cha Kiswahili cha zamani, akiwa ametoka katika lugha ambayo kukataa kwake ni kũlea. Wenyeji wake huko, kama wangelisikia neno hilo bila ya kufasiriwa, wangelidhani anazungumza juu ya kutunza watoto. Wasingekuwa wamekosea sana, kwani maziwa ya watoto yalikuwa miongoni mwa yale aliyoyakatalia.